Shukrani ya Mvua ya Kwanza

Asubuhi ile Akelo aliamka mapema, akachukua ndoo, akaenda bombani. Zamani kuchota maji ilikuwa kazi ya mama yake. Sasa daktari alikuwa amemkataza mama kubeba kitu kizito kwa mkono wa kulia, kwa sababu upande huo ndiko alikofanyiwa upasuaji wa titi. Wiki ya kwanza Akelo alinung'unika kila ndoo. Baadaye alichoka kunung'unika, akabaki kuchota maji tu.

Baba yake, Zadok, alikuwa fundi wa mitumbwi kwenye mwalo mmoja, gati dogo la wavuvi ziwani, karibu na Butimba. Mama aliitwa Selina, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Kwa kila mtu alikuwa Mama Pacha. Alianza kuzaa mapacha, ambao sasa walikuwa shule ya bweni na hata likizo walibaki huko kujiandaa na mitihani, kisha akamzaa binti, na kwa Wajaluo binti anayefuata mapacha ni Akelo. Jina hilo halikuhitaji kikao cha ukoo.

Siku ya kutolewa nyuzi, Akelo alimsindikiza mama hospitali. Daktari Winnie alizungumza taratibu, akiwatazama wote wawili.

"Mama, uvimbe tumeutoa wote. Ila saratani ina tabia moja mbaya. Seli zake chache zinaweza kujitenga na uvimbe, zikaingia kwenye damu na kusafiri nayo. Ni ndogo mno, hatuwezi kuzitafuta moja moja. Ndiyo maana tunakupa dawa kwa dripu. Dawa inapita kwenye damu na kuzifuata huko huko, kabla hazijapata mahali pa kuota. Uje Jumanne ya wiki ijayo tuanze."

Akelo alisikia maneno yote. Mama alisikia sentensi ya kwanza tu.

Jumapili iliyofuata Mama Pacha alisimama mbele ya kanisa na jogoo mkubwa wa shukrani. "Wapendwa, nimepona!" alisema. Akina mama walipiga vigelegele, na kwaya yake ikacheza mpaka vumbi likatimka. Ibada ilipokwisha, jogoo alipelekwa mnadani, akamponyoka mzee wa kanisa na kukimbilia chini ya mabenchi. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Akelo hakuwahi kumwona mama yake akipendwa na watu wengi kiasi kile.

Jumanne ilifika. Ilikuwa likizo, kwa hiyo Akelo ndiye aliyemsindikiza tena. Baba aliwapa nauli, akawatakia heri, akaenda zake kazini. Walipofika njia panda, mama hakwenda kituoni. Aliteremka kwa njia ya ziwani.

"Mama, kituo kiko huku."

"Najua kituo kilipo. Twende."

Walikaa nyuma ya mawe makubwa, mahali ambapo baba asingeweza kuwaona. Mama alifungua kitambaa chake cha kichwani na kukifunga upya, mara mbili, mara tatu.

"Sikiliza, mwanangu. Hospitali siendi. Nilisimama mbele ya watu nikasema nimepona. Jogoo kauzwa, kaliwa. Leo nianze dripu, nywele zinyonyoke, watu watasemaje? Watasema Mama Pacha alimdanganya Mungu mchana kweupe. Baba yako akiuliza, sema tumeenda."

Akelo aliangalia ziwani. Chini yao, vijana watatu waliingia majini hadi magotini, wakiokota vipande vya magugu maji na kuvitupa mchangani. Mwezi uliopita mwalo wote ulikuwa umefunikwa, mitumbwi ikakwama, na watu wakayang'oa magugu kwa siku kadhaa.

"Si waliyatoa yote?" Akelo aliuliza.

"Uyatoe yote, gugu hilo?" mama alijibu bila kufikiri. "Kipande kidogo tu kikipelekwa na maji kikapata pa kushika, unalikuta upya. Wasipoyafuatilia, wamefanya kazi bure."

Mikono yake iliachia fundo la kitambaa. Akelo alimtazama, na mama akageuza uso upande mwingine. Sasa wote wawili walikuwa wanajua, na hilo ndilo lililomtisha Akelo zaidi. Mama yake hakukosa kuelewa. Alikuwa anaona aibu, na aibu hiyo ingeweza kumuua.

"Mama, mimi siwezi kusema tumeenda," alisema.

"Basi nyamaza."

Jioni walikaa kula ugali na sato. Baba alinawa, akamega tonge, akauliza, "Dripu imekwendaje, Mama Pacha?"

"Salama."

Akelo alirudisha tonge lake sahanini. Alimpenda mama yake kuliko mtu yeyote, na alijua kwamba akisema, mama atamwona msaliti. Lakini aliwaza ndoo zote zile alizochota ili mkono wa mama upone, akaona haina maana kuulinda mkono na kuuacha mwili.

"Baba," alisema akianza kulia, "hatukwenda. Tulikaa ziwani."

Mama aliinuka na kuingia chumbani. Baba aliacha chakula, akamfuata hadi mlangoni. Akelo alitarajia kelele. Badala yake alisikia sauti ya chini aliyokuwa haijui.

"Mama Pacha, maneno ya watu siyaogopi. Naogopa kukukosa wewe."

Kesho yake baba hakwenda mwaloni. Alirudi nyumbani na Mchungaji Jonathan, Msukuma wa Magu, ambaye alilima pamba kabla ya kuhubiri na hakuacha kuizungumzia. Akelo alimwamkia, akamletea kiti. Mama alitoka akiwa ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mchungaji. Nimewaaibisha."

"Marahaba, mama. Hebu niambie, kule kwenu Mara mvua ya kwanza ikinyesha, watu hawashukuru?"

"Wanashukuru."

"Hata sisi. Tunapiga vigelegele, tunacheza. Sasa umewahi kumwona mkulima anayeshukuru mvua ya kwanza, halafu anatupa jembe kwa sababu ameshashukuru?"

Mama alitikisa kichwa, na kwa mbali akatabasamu.

"Shukrani yako haikuwa ya uongo. Upasuaji ulikwenda vizuri, tukashukuru. Sasa kapalilie. Kila ukimaliza dripu, lete yai moja kanisani, tushukuru tena. Ila jogoo wengine usilete, wanatuvunjia mabenchi."

Mama alicheka, kisha akalia, na baba akamshika mkono mbele ya mchungaji bila kuona haya.

Alhamisi walikwenda hospitali wote watatu. Daktari Winnie hakugomba. Alishukuru kwamba wamewahi, akampangia mama kuanza siku ileile. Dripu hazikuwa mchezo. Mama alitapika, nywele zikaisha, siku nyingine hakuweza hata kukaa. Akelo alichota maji, akapika uji, na mama alipopata homa alimwita baba mara moja, kama muuguzi alivyowaagiza. Na kila baada ya dripu, Mama Pacha alisimama kanisani na yai lake, akasema ukweli: "Natibiwa bado. Leo nashukuru kwa hatua hii."

Jumapili moja, Mama Rose wa kwaya aliwafuata nje. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Siku ile uliposema umepona, niliona aibu. Mimi nina uvimbe kama njegere na nilikuwa nimeuficha. Ulipokuja na yai na kichwa kisicho na nywele, nikapata nguvu. Kesho naenda kupimwa."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimshika Akelo bega.

"Siku ile uliposema mbele ya baba yako, nilikukasirikia sana. Leo nakushukuru. Siri inayomwangamiza mtu usiitunze, mwanangu, hata kama ni mama yako aliyekupa. Na ugonjwa haufichwi kwa sababu ya macho ya watu. Ningewasikiliza watu, ningewaachia ninyi kaburi."

Dripu zilipokwisha, Daktari Winnie aliridhika na vipimo, akamwambia mama aendelee kuja kliniki bila kukosa. Nywele zilianza kurudi, laini kama za mtoto mchanga. Jirani mmoja alimwona akianika dagaa, akapaza sauti.

"Mama Pacha! Sasa umepona kabisa?"

Mama alimtazama Akelo, akacheka.

"Naendelea vizuri, jirani. Na jembe sijatupa."