Lusajo Anakuja!

Tusekile alikuwa mtoto wa kuchekacheka. Aliishi Tukuyu, kwenye baridi na migomba mingi, nyumbani kwa shangazi yake.

Mama na baba yake walifariki. Shangazi akamchukua Tusekile. Baba mdogo akamchukua Lusajo, mdogo wake Tusekile, akaenda naye Kyela, kwenye joto.

Lakini leo! Leo Lusajo anahamia kwa shangazi.

"Anakuja! Anakuja!
Lusajo anakuja!"

Tusekile akafagia uwanja. Fya! Fya! Fya!

Akamtikisa binamu yake. "Gwakisa, amka! Mdogo wangu anakuja!"

Gwakisa akapiga miayo. "Atalala wapi?"

Lo! Kitanda kilikuwa kimoja. Gwakisa alilala hapo. Dada yake, Anyisile, alilala hapo. Na Tusekile pia.

"Shangazi, Lusajo atalala wapi?"

Shangazi alikuwa anamenya ndizi. "Pamoja na nyinyi," akasema. "Kitanda kitawatosha tu."

Mvua ikaanza. Ta-ta-ta-ta! juu ya bati.

Halafu, pu-pu-pu-pu! Pikipiki!

"Amekuja! Amekuja!
Lusajo amekuja!"

Tusekile akatoka mbio. Chapwa! Akakanyaga matope. Hakujali.

"Shikamoo, baba mdogo!"

"Marahaba, mama. Haya, mdogo wako huyu hapa."

Lusajo akajificha nyuma ya koti la baba mdogo. Likaonekana jicho moja tu.

"Wewe nani?" akauliza.

Lusajo amemsahau! Machozi yakamlengalenga.

Shangazi akamshika bega. "Alikuwa mdogo sana mlipoachana. Mwambie."

Tusekile akachuchumaa. "Mimi ni Tusekile. Mimi ni dada yako."

Lusajo alikuwa anatetemeka. Miguu yake ilikuwa ya baridi, baridi kama maji ya mtoni.

Tusekile akamwingiza jikoni. Akamkalisha karibu na moto. Akamsugua miguu. Sugu, sugu, sugu!

"Joto?"

"Bado."

Sugu, sugu, sugu!

"Joto?"

"Joto!" Lusajo akacheka. Tusekile naye akacheka.

Wakala ndizi na maharage. Lusajo akakaa karibu na Tusekile. Karibu kabisa!

Ukafika wakati wa kulala. Wote wakapanda kitandani. Wakajipanga kwa urefu.

Puu! Gwakisa akaanguka.

Wakajibana. Puu! Anyisile akaanguka.

"Tulale kwa upana wa kitanda!" Tusekile akasema.

Wakageuka. Gwakisa, Anyisile, Tusekile, Lusajo. Wakaenea wote!

"Tumeenea! Tumeenea!
Wote tumeenea!"

Shangazi akawafunika blanketi kubwa. "Haya, kelele basi. Laleni salama, wanangu."

Kimya.

"Dada," Lusajo akanong'ona.

"Abee!"

"Hamna kitu. Nakuita tu."

Kimya kidogo.

"Dada."

"Abee!"

"Nakuita tu."

Tusekile akatabasamu gizani. Akaitika, akaitika tena, mpaka Lusajo akasinzia.