Jani la Saba la Thabai

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi 2025, saa tisa alasiri, Watiri alitoka chumbani kwake Majengo, mjini Nyeri, kubadilisha maji ya kuoshea brashi. Aliporudi, thabai aliyokuwa akiichora, ule mmea unaochoma ngozi, ilikuwa na jani la saba. Yeye alikuwa amechora sita. Wino ulikuwa bado mbichi.

Alikuwa mwanafunzi wa wiki ya tatu. Binti yake, Ngendo, ndiye aliyeanza kufundishwa kuchora mimea na mwalimu Bilan, akafariki Januari. Mama akaamua kukalia kiti chake na kuanza mwanzo. Somo la kwanza lilikuwa fupi: usichore unachokumbuka, chora unachokiona.

Bilan alipoletewa ile karatasi, alishusha sauti.

"Mama Ngendo, majani ya thabai hukaa mawili mawili. Hili liko peke yake."

"Si mimi nimelichora, mwalimu."

"Najua. Wewe unachora vibaya, lakini unahesabu vizuri." Akainusa karatasi. "Udongo wa kaburi. Hili ni jini. Kesho litaleta mkono, kisha litakuomba uso. Ukilichorea uso wa Ngendo, halitatoka kwako tena."

"Niite padri?"

"Muite. Lakini likikupata peke yako, kumbuka somo la kwanza."

Kesho yake kulikuwa na mkono kwenye karatasi, umeshika shina. Padri aliahidi kuja Ijumaa. Alhamisi, saa tisa ile ile, kiti cha Ngendo kililia kama kinavyolia mtu akikaa, redio ya jirani ikanyamaza katikati ya wimbo, harufu ya udongo uliochimbwa ikajaa chumba, na Watiri, ambaye hakutaka kuinua macho, akayainua, akamwona binti yake ndani ya sweta yake ya kijani, ameshika thabai kwa mkono mtupu.

"Maitu, mama yangu," kikanong'ona kile kitu, "ni mimi. Nichoree uso tu, nibaki nyumbani."

Angetoa chochote kwa uso ule. Lakini alitazama polepole, kama alivyofundishwa, kuanzia vidoleni. Ngendo alikuwa akivimba thabai ikimgusa tu. Mkono huu haukuwa na kipele. Kiganja hakikuwa na mstari hata mmoja.

"Weka chini hiyo thabai."

"Maitu, unanikataa?"

"Mtoto wangu nilimzika mwenyewe huko Chaka. Nilimvalisha soksi kwa mikono hii. Wewe utanitisha na nini? Tulia hapo. Nakuchora vile uko."

Akachora kiganja kisicho na mistari. Akachora kola ya sweta. Alipofika usoni, akaangalia bila kukumbuka, na hapakuwa na uso. Palikuwa na ukuta na kalenda ya kanisa. Akachora kalenda.

"Usichore hivyo!" Sauti haikuwa ya Ngendo tena.

"Nimemaliza. Toka kwa nyumba yangu."

Kiti kikaanguka. Redio ikaendelea na wimbo wake.

Watiri akaiokota thabai sakafuni kwa mkono mtupu. Ikamchoma, vidole vikavimba, naye akashukuru. Akachukua wembe, akakwangua jani la saba pamoja na ule mkono ulioshika shina mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Kisha akapiga magoti.

"Ee Mungu, Ngendo alikuwa wangu, sasa ni wako. Mpumzishe mahali ambapo hakuna kitu kinachoweza kuvaa sura yake. Usimrudishe kwangu, Baba. Nitakuja mimi. Amina."