Ramani ya Ng'ambo ya Kijito

Kila asubuhi Notburga huchota maji kabla ya kwenda shule, na jioni huingia shambani kupalilia mahindi. Msimu ule wa palizi, nyumba nzima ilikuwa imechoka. Mama yake alisinzia hata akiwa anasonga ugali.

Mwalimu Iddi alikuwa mgeni Mitulo, kijiji kidogo jirani na Maposeni. Aliwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kuchora ramani ya kijiji. Notburga alipewa upande wa kijito.

"Nenda ukaone kwa macho yako," mwalimu alimwambia, "na uwaulize wazee habari za huko."

Notburga hakwenda. Miguu ilimuuma. Alikaa kitandani akachora kijito, daraja la magogo na nyumba za ng'ambo kama alivyozikumbuka.

Kesho yake mwalimu aliichukua ramani ile akaenda kumjulia hali Aidani, mwanafunzi mgonjwa aliyeishi ng'ambo. Jioni alipita mbele ya nyumba ya kina Notburga akichechemea, nguo zimeloa. Daraja lilikuwa limesombwa na mvua. Alijaribu kuzunguka, akateleza, na kwa Aidani hakufika.

"Shikamoo, mwalimu," Notburga alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sikwenda kule. Nilichora tu. Nilikuwa nimechoka."

"Marahaba." Mwalimu alikaa barazani, akavua viatu vilivyojaa tope.

Siku ya pili yake Notburga alikwenda bondeni kwenye kijito na bibi yake, Renatha, ili aichore ramani upya. Walitembea polepole, bibi akipumzika kila mara.

"Hapa ndipo tulipoishi," bibi alisema. "Baba yangu amezikwa pale kwenye mawe. Tulipohamishiwa barabarani enzi za vijiji vya ujamaa, tuliacha kila kitu."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Hukuuliza, mjukuu wangu. Na mimi jioni huwa sina nguvu ya kusimulia."

Kisha bibi akamwonyesha kivuko cha zamani, mahali penye mwamba ambapo maji hayafiki magotini. Notburga alivichora vyote, kivuko na kaburi lile.

Kwa ramani hiyo mwalimu alifika kwa Aidani, akamkuta ana homa kali. Yeye na baba wa mtoto walimbeba hadi zahanati, akatibiwa malaria. Wiki iliyofuata Aidani alirudi darasani, amekonda lakini mzima.

"Kuchoka si kosa, Notburga," mwalimu alimwambia. "Ungesema umechoka, ningekusubiri. Lakini anayeshika ramani hajui kama aliyeichora alichoka. Yeye anaiamini, anaifuata."