Nembo Nyekundu kwenye Buti

Kila Jumamosi, vyombo vya asubuhi vikishaoshwa, Chiriku na baba yake walitoka uani kuosha gari. Jina hilo alipewa na mama kwa sababu ya mdomo wake, maana mtoto huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa hanyamazi hata akila. Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, la milango miwili. Baba alilinunua likiwa kuukuu, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe kwa miaka sita. Sasa aliliosha kwa kupapasa, kwani macho yalikuwa yanazimika na daktari alikuwa amemkataza kabisa kuendesha. Ndiyo maana siku hiyo mnunuzi alikuwa njiani.

"Afadhali liende kwa mtu atakayelipenda," Baba alisema, huku akikamua kitambaa kilichokuwa kimeshakamuliwa.

"Baba, mbona la jirani linauzwa karibu mara mbili, na yanafanana kama mapacha?"

"Lile ni toleo la mbio. Injini ina nguvu zaidi, breki ni kubwa, springi ni ngumu. Mtu wa uwanja wa mashindano akililipia hajapoteza. Lakini mtu wa kwenda kazini na kurudi, foleni asubuhi, foleni jioni, nguvu zote hizo atazipeleka wapi? Huyo atakuwa amelipia nembo tu."

Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Chiriku alikuwa ameshanunua nembo nyekundu ya toleo la mbio kwenye duka la spea, kwa akiba yake. Baba alipoingia ndani kuoga, aliibandika nyuma ya gari, kwenye buti. Baba hataiona, alijiambia, na bei itapanda.

Mnunuzi alikuwa dada mmoja mwalimu wa udereva, mtu asiye na papara. Alilizunguka gari, akachuchumaa, akamulika tochi kwenye matundu ya rimu.

"Mzee, kwenye simu uliniambia ni la kawaida."

"Ndiyo, la kawaida."

"Na breki ni za kawaida. Mbona nyuma kuna nembo ya toleo la mbio?"

"Nembo gani?"

"Mzee, usinifanye mtoto mdogo. Gari limenidanganya kwa nje, ya ndani nitayaaminije?" Akazima tochi, akaelekea getini.

Baba aliligeukia gari. Alipitisha vidole juu ya buti polepole mpaka vikaifikia ile nembo. Akazipapasa herufi moja moja, kisha mkono ukabaki pale pale. Chiriku hakuwahi kumwona baba yake akilia, na siku hiyo alimwona.

"Nani ameiweka?"

Mdomo usionyamaza ukawa mzito. Angeweza kuwasingizia watoto wa mtaani. Yule dada alikuwa ameshashika komeo la geti.

"Ni mimi, Baba. Dada, subiri, tafadhali. Baba hakujua. Nilitaka auze ghali. Nilijua hataiona."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Baba kuliko yote, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

Yule dada alirudi. Alimtazama mzee machoni, akaelewa, akamwomba radhi. Aliliendesha gari hadi barabara kuu na kurudi, kisha akalinunua kwa bei ile ile waliyopatana kwenye simu. Kabla hajaondoka, Chiriku aliibandua nembo kwa kucha, na kidole kikachubuka.

Baba alisimama getini akilisikiliza gari lake mpaka mlio ukapotea kabisa. Chiriku alikuwa analia kwa kwikwi.

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Gari lile lilikuwa zuri kwa bei yake, halikuwa na haja ya kujifanya jingine. Ulipolipamba kwa uongo, hata ukweli wake ukakataliwa." Akanyoosha mkono mpaka akalipata bega la bintiye. "Na mwakani huenda nisiione hata sura yako. Barua utanisomea wewe. Barabara utanivusha wewe. Ukiniambia hakuna gari, nitatia mguu. Kwa hiyo usinidanganye tena, mwanangu, hata kwa nia njema."

Chiriku alifuta machozi, akamshika mkono, wakaanza kurudi ndani.

"Kuna ngazi mbele yako, Baba," alisema.

Baba akainua mguu.