Mlango wa Nyuma

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Baba Bonge alipomaliza kuliosha Duma kwa mara ya mwisho. Alilifuta uso wake taratibu, kama mtu anayemfuta mgonjwa jasho.

"Ukimaliza kulia utuambie, tuondoke," mkewe akamtania, mtoto begani.

"Nani analia? Sabuni imeniingia."

Duma lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, limelala chini kama linanusa barabara. Alilinunua kabla hata ya kufikiria kuoa, kwa jasho la kutengeneza majokofu ya watu. Enzi hizo likipita, wenye maduka walitoka nje kutazama. Sasa lilikuwa limezeeka. Linakunywa oili kama maji, linakohoa mpaka majirani wanaziba masikio, na kumweka mtoto kiti cha nyuma ilibidi kwanza ukunje cha mbele, kisha ujikunje na wewe. Juzi tu Mama Bonge alimgonga mtoto kichwa akihangaika hivyo. Mtoto alilia kidogo. Aliyenuna siku nzima ni baba yake, na asubuhi yake, bila kuambiwa na mtu, akaenda kwa dalali kutafuta wa kubadilishana naye gari.

Mama Bonge alilitunza jambo hilo moyoni. Mwanamume kuacha kitu anachokipenda, tena kimyakimya, si jambo dogo.

Na bahati ikawaangukia. Dalali aliwapatia gari jipya zaidi, mkono wa pili lakini safi, la mbio vilevile, la milango minne. Mwenyewe alikuwa tayari kulichukua Duma na uzee wake, bila nyongeza.

"Ana sharti moja tu," dalali alisema walipofika kwenye uwanja wake wa magari. Alikuwa mzee mwembamba, mpole wa maneno. "Anataka gari liende kwenye nyumba yenye mtoto anayenyonya. Wengine wamekuja hapa na pesa nono, amewakataa wote."

"Jamani! Ana moyo mzuri huyo," akasema Mama Bonge.

Dalali akatazama pembeni.

Gari lilikuwa la kijivu, vioo vyake vyeusi. Dalali akafungua mlango wa nyuma, akatoa leso yake mwenyewe na kukipangusa kiti. Mama Bonge aliuona wema huo. Aliona pia jinsi mkono wa mzee ulivyoingia na kutoka upesi, kama wa mtu anayeokota kitu karibu na mbwa aliyezaa.

"Kaa, mwanangu, mtoto apumzike. Sisi tunamalizana hapo mbele."

Mama Bonge akaingia. Kiti kilikuwa kipana, laini. Bonge, mtoto mnene kama mkate uliofura, akatulia mapajani.

Mlango ukajifunga. Polepole, bila kishindo.

Nje, Baba Bonge alikuwa analiwasha Duma, amwonyeshe anayekuja kulichukua namna ya kulibembeleza. Lilinguruma mpaka vioo vikatetemeka. Ndani mlikuwa na harufu ya dawa ya kung'arishia viti. Chini yake, kidogokidogo, ikapanda harufu nyingine.

Maziwa.

Siyo ya kopo. Yale ya mama, yenye joto, yakichanganyika na jasho la shingo. Aliyenyonyesha haisahau harufu ile. Mama Bonge akajishika kifuani, akidhani ni yeye.

Gauni lilikuwa kavu.

Bonge akageuza kichwa. Akakitazama kiti kitupu cha pembeni. Akatabasamu, akanyoosha shingo, na midomo yake ikaanza kucheza. Akanyonya hewa. Kisha koo lake dogo likapanda na kushuka...

Alikuwa anameza.

Mama Bonge akamkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akapiga kioo. Aliweza kumwona mumewe, hatua chache tu, akicheka, mkono juu ya boneti. Akapiga tena, kwa kiganja, kwa ngumi. Duma likanguruma zaidi.

Akamlaza mtoto kitini ili avute kwa mikono miwili.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Upepo baridi wa jioni ukamgusa miguu. Akageuka haraka, akamnyanyua mwanawe.

Mlango ukajifunga.

Akamlaza. Ukafunguka. Akamnyanyua. Ukajifunga. Hakuhitaji kujaribu tena. Alielewa kama anavyoelewa mgeni aliyechelewa kuaga: wewe nenda, mtoto abaki.

"Huyu ni wangu," akanong'ona.

Kisha, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya mwanamke aliyechoka:

"Najua... Umechoka. Pumzika kidogo."

Na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Sauti ile haikuwa na ubaya. Ilikuwa ya shoga anayekupokea mzigo.

Mlango ukavutwa kutoka nje. "Mbona umejifungia?" Baba Bonge akauliza, machozi ya kuagana na gari lake yakiwa bado machoni. Mama Bonge akatoka mbio nusura amwangushe, mtoto kifuani.

"Hili gari silitaki! Baba Bonge, turudishiwe Duma. Sasa hivi."

"Mama, Duma ndilo lile," akamwonyesha taa mbili nyekundu zikipinda kona. Mlio wake ukafifia, ukaisha.

Walirudi nyumbani kwa gari la kijivu. Mama Bonge alikaa mbele, mtoto kamkaba. Njia nzima Bonge alilia, mikono ameinyoosha kiti cha nyuma.

Akakataa ziwa. Ndivyo mateso yalivyoanza. Mama yake alimbembeleza, akamwimbia, akambadilishia upande. Mtoto aligeuza uso kama aliyepewa shubiri. Alilia mpaka sauti ikakauka. Akipelekwa kwenye gari, anatulia. Mama Bonge hakuthubutu kumwacha humo peke yake. Alikaa naye nyuma, mlango umejifunga, maziwa yake yakimuuma kifuani kwa kukosa wa kuyanyonya, akimtazama mwanawe akinyonya mtu asiyeonekana. Na mtoto alinenepa! Majirani walimpongeza. "Mama Bonge, unampa nini huyu?" Alicheka nao, akaingia ndani, akalia.

Mwanzoni Baba Bonge alifanya mzaha. "Damu yangu hiyo. Mtoto wa gari la mbio halali kwenye kitanda." Siku moja akampokea mtoto, akakaa naye garini, mkewe alale walau lepe moja la usingizi. Alipotoka garini alikuwa amekwajuka.

"Mama Bonge... nilipitiwa na usingizi kidogo. Kuna mtu alinifunika shuka."

"Garini kuna shuka?"

"Hakuna."

Hakutania tena.

Jioni iliyofuata walirudi kwa dalali. Mzee alipoona gari lile linaingia, aliketi juu ya tairi lililolala chini, kama mtu aliyekuwa akiingoja hukumu.

"Mnisamehe, wanangu. Na mimi nilipewa mzigo, nikautua kwenu."

"Ni nani yule?" Mama Bonge akauliza.

"Simjui jina. Nasikia alikuwa mke wa mwenye gari wa kwanza. Alitoka kujifungua, akawa anasubiri humo nyuma, mumewe kashuka kidogo. Hakushuka akiwa hai. Mtoto alipona. Basi ikawa gari likipelekwa nyumbani, yeye anaingia ndani na wenye nyumba. Wakamwita mganga. Mganga akamfunga humohumo, kwa uzi, chini ya kiti. Asikanyage nyumba ya mtu."

"Kwani aliwafanya nini huko ndani?"

"Hilo nililiuliza mimi pia. Mganga alisema neno moja tu: 'Mkimfungua, msiniite.'"

Baba Bonge akatema mate pembeni. "Na anamwachia lini mwanangu?"

"Akipata mwingine. Mdogo zaidi. Akikosa..." Dalali akaangalia viatu vyake. "Akikosa, hamwachii. Mtoto wa mwenye gari huyu wa mwisho alikuwa ameanza kusahau sura ya mama yake mzazi. Ndiyo maana mwenyewe alikuwa na haraka."

Kisha akainua kidevu, akaonyesha upande wa pili wa uwanja. Kwenye benchi waliketi kijana na mkewe, bado wageni wa ndoa, na mtoto mchanga ndani ya kanga. "Wale wamelipenda tangu mlipoingia. Nina gari jingine zuri, nitawapa ninyi. Mkubali tu, jioni hii hii yaishe."

Baba Bonge akamgeukia mkewe. "Mke wangu..."

Mama Bonge akamtazama yule binti. Alikuwa akimkinga mtoto vumbi kwa kiganja chake, na macho yao yalipokutana akatabasamu, akasogea upande mmoja wa benchi na kupapasa nafasi iliyobaki. Njoo ukae, dada, na wewe umebeba.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Bonge aliujua wa kwake, na pale pale, bila kutaka, akaujua wa yule.

"Haliuzwi," akasema.

"Mama Bonge! Huyu ni mtoto wetu!"

"Na yule wa nani? Twende nyumbani." Akamgeukia dalali. "Mzee, hawa wote waliopita na gari hili, kuna aliyewahi kumwambia ashuke?"

"Nani ashuke?"

"Yule mama."

Mzee akatikisa kichwa.

Walifika kwao giza likianza kutanda. Mama Bonge akamwambia mumewe akafungue mlango wa nyumba, auache wazi. Yeye akaingia kiti cha nyuma na mtoto. Mlango ukajifunga kama kawaida. Harufu ya maziwa ikaja. Bonge akageuza kichwa.

"Mwenzangu," Mama Bonge akanong'ona. "Mwenzangu, ahsante. Umenilelea. Lakini humu si mahali pa kukaa mtu."

Kunyonya kukakoma.

"Kila aliyeingia alitafuta namna ya kutoka yeye. Mimi nimekuja tutoke wote."

Akainama, akapapasa chini ya kiti. Vumbi. Chuma. Kisha uzi, mwembamba, umefungwa mafundo juu ya mafundo. Vidole vyake havikuweza kuyafungua. Akauleta mdomoni, akaukata kwa meno, kama anavyokata uzi wa nguo za mwanawe.

Ulikuwa na ladha ya maziwa yaliyochacha.

Gari zima likashusha pumzi.

Na mlango ukafunguka, mtoto akiwa mikononi mwake.

Mama Bonge akateremka. Bonge akaanza kuhangaika kifuani pake, akisukuma gauni kwa pua. Akamtolea ziwa palepale uani. Mtoto akalishika. Akanyonya kwa pupa mpaka ikauma, na mama yake akalia kwa furaha ya maumivu hayo. Wake! Amerudi kuwa wake!

Nyuma yake springi zikalia, kwi... Gari likainuka kidogo upande mmoja, kama linavyoinuka mtu anaposhuka.

Hakugeuka. Akayakumbuka maneno ya mganga. Hakuna mtu anayefunga kitu kwa mafundo mengi hivyo bila sababu. Lakini neno lilikwisha kutoka, na huwezi kumwita mtu ashuke kisha umwache uani.

"Karibu ndani," akasema kwa sauti ndogo.

Akatembea. Nyuma yake kukasikika nyayo kwenye mchanga, za mtu aliyekaa muda mrefu, miguu imekufa ganzi. Bonge akaliacha ziwa, akachungulia juu ya bega la mama yake, akacheka.

Baba Bonge alikuwa mlangoni, ameshika komeo. Mkewe akapita na mtoto.

"Nifunge?" akauliza.

"Subiri," Mama Bonge akasema, bila kumtazama. "Bado mmoja."