Ringi Iliyolowekwa Petroli

Asubuhi ile gereji ilikuwa imetulia. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya sakafu, spana zimepangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, na mke wa fundi alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo akikoroga maji ya sabuni. Mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Jina hilo alipewa na mumewe mwenyewe, mbele ya wateja, kwa kicheko, likamganda. Kazi yake ilikuwa kuosha vyuma na kupaka povu kwenye mabomba ili kuona hewa inatokea wapi. Spana hakuruhusiwa kugusa.

Na gereji ile, sikilizeni, ilikuwa ya marehemu baba yake. Mumewe alifika pale zamani akiwa hajui hata bisibisi inashikwa upande gani, akafundishwa, akalishwa, akaozwa. Lakini mtu akishanenepa huyakumbuka hayo?

Huyo mumewe walimwita Profesa, kwa kuwa hakuna swali alilokosa jibu lake. Alikuwa na misemo miwili aliyopenda. Wa kwanza: "Mwanamke akishika spana, nati inalia." Wa pili ulihusu mpira. Ringi ya mpira ikichakaa, mafundi wengine huitupa na kutia mpya. Yeye aliiloweka kwenye kopo la petroli usiku kucha, ikavimba, ikarudi kubana kama mpya. "Ringi kwangu haifi," alijigamba, "inafufuka." Watu walicheka na kumpigia makofi. Alichokuwa hasemi ni kwamba petroli ikishakauka, ringi ile husinyaa tena, na safari hii huwa imeharibika kuliko mwanzo.

Utulivu wa asubuhi ile ulivunjwa na sauti moja. Krrrr. Kompresa ya gari lililokuwa limeegeshwa mlangoni ilinguruma, ikanyamaza. Mama Povu akahesabu moyoni. Hata thelathini hajafika, ikanguruma tena.

Akaacha kukoroga.

Gari lile aliliendesha mdogo wake wa tumbo moja, mtoto aliyemlea mgongoni mama yao alipofariki. Alikuwa dereva wa kampuni inayotunza mnara wa simu juu ya mlima, na njia ya kule ilikuwa mawe, mitaro na utelezi mtupu. Ndiyo maana gari lilifungwa loki ya hewa. Loki hiyo hukaa ndani ya difu, lile bonge la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Ukibonyeza swichi, hewa hutoka kwenye tangi la kompresa, hupita kwenye kibomba chembamba hadi ndani ya difu, na magurudumu yote mawili hufungwa yazunguke pamoja. Hewa ikivuja, kompresa hunguruma kuijaza tena; ikishindwa, loki huachia. Hapo gurudumu lililoning'inia huzunguka bure, lile lililokanyaga ardhi husimama, na gari la mlimani linabaki kuomba Mungu.

Juzi yake gari lililetwa likivuja. Profesa akaifungua difu, akatoa ringi iliyochoka inayozuia hewa, akailoweka, akairudisha. Akautangazia mtaa kuwa amemaliza. Mdogo mtu alikuwa aje kulichukua mchana.

Profesa alikuwa amevuka kwa jirani yake mchomeleaji, wanapiga soga. Mama Povu akainuka na ndoo yake. Kwanza aliizima swichi ya loki. Kompresa ikanyamaza kimya, dakika tano nzima. Basi tangi ni zima, na viungo vyake ni vizima. Akawasha swichi. Krrrr, kimya, krrrr. Basi hewa inapotea baada ya valvu inayofunguliwa na swichi. Akalala chali chini ya gari, akakipaka povu kibomba chote, kiungo kwa kiungo, hadi kinapoingia kwenye difu. Hakuna hata kipovu kimoja. Mwisho akapaka pale difu inapopumulia, kwenye kitundu cha juu. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

Hewa ilikuwa inatokea ndani kabisa, kwenye ringi ileile iliyofufuliwa. Alitoka chini ya gari, akafungua droo ya marehemu baba yake, akatoa kipaketi cha ringi mpya ambacho mzee alikiacha. Kilikuwa hakijafunguliwa. Akakitia mfukoni mwa aproni, akavuka kwa mchomeleaji.

"Baba watoto," alisema kwa adabu, "naomba nikuite pembeni kidogo."

"Pembeni kuna nini? Sema hapa hapa, hakuna mgeni."

Palikuwa na mchomeleaji na wateja wake wawili. Mama Povu akasema: "Loki bado inavuja. Nimepima yote. Inavujia ndani, kwenye ringi. Zipo mpya za baba, tukiifungua difu sasa hivi tutawahi."

Profesa alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akawageukia wenzake. "Mnasikia? Povu limesoma! Tangu lini ndoo ikamfundisha fundi?"

Wakacheka. Wote watatu walicheka, na mchomeleaji ndiye aliyecheka zaidi.

"Sikufundishi, mume wangu. Ila mdogo wangu ndiye atakayepanda nalo mlima."

"Kwa hiyo nimekusudia kumuua shemeji yangu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema mbele za watu kuwa sijui kazi. Njoo."

Alimshika mkono, akamburuta hadi gereji, na wale watatu wakafuata kutazama sinema. Akainyanyua ndoo. Maji ya sabuni, yaliyochanganyika na oili nyeusi ya sakafuni, akamwagia mkewe kichwani polepole mpaka tone la mwisho. "Haya, jipime na wewe," alisema. "Tuone unavujia wapi."

Jamani! Mwanamke mtu mzima, mama wa watoto wawili, ndani ya gereji ya baba yake. Macho yalimwasha, akashindwa hata kulia. Aliusikia mkono wa mumewe ukimpapasa aproni, ukakitoa kile kipaketi.

"Mzee alikufa, na ringi zake zikafe," alisema Profesa, akakitupa kwenye pipa la oili chafu.

Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye hofu ya Mungu asingelifanya. Pale kwenye kompresa pana skrubu ndogo inayoiamuru iwake presha ikishuka. Akairegeza. Sasa hewa ingevuja na kuvuja, na kompresa ingelala tu bila kushtuka. Akawasha swichi mbele ya wale watatu. Kimya. Dakika moja, mbili, tatu. "Mmesikia kelele?" aliuliza. Hawakusikia. "Basi limepona."

Mama Povu aliiona skrubu ikigeuzwa. Alijua maana yake, maana ni baba yake aliyemfundisha, akiwa na miaka kumi na miwili.

Mchana mdogo wake akaja, kofia kichwani, mluzi mdomoni, kama kawaida yake.

"Shikamoo dada. Shemeji, mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Limepona kuliko lilivyozaliwa," alisema Profesa, akampa ufunguo.

"Dada, mbona umelowa hivyo?"

Profesa alikuwa amesimama nyuma ya kijana, anamkodolea mkewe macho, na kidole chake kinagonga ukingo wa ndoo tupu. Mama Povu alitazama ile ndoo. Akawatazama wale watatu kule kwa mchomeleaji, wamekaa tayari kucheka mara ya pili. Neno moja tu lilihitajika. *Usiende.* Lilifika kooni, likageuka.

"Nimemwagikiwa," alisema. Na mdogo wake alipokwisha kupanda garini, akalisogelea dirisha. "Nenda polepole, mdogo wangu. Tafadhali. Kule juu nenda polepole."

"Usijali, dada. Nitatambaa kama konokono."

Akaondoka akipunga mkono.

Habari zilifika kabla jua halijatua. Gari lilikuwa limebeba betri za mnara, nzito, sita. Kwenye kona ya mwisho, pale penye mtaro, gurudumu moja la nyuma lilining'inia na loki ikaachia. Gari likasimama, likateleza kinyumenyume, likabiringika mara tatu. Betri zikatoka nyuma zikamjia mgongoni. Walimtoa akiwa hai. Madaktari walifanya walichoweza, wakamwambia dada mtu ukweli wote: kuanzia kiunoni kwenda chini, kijana hatahisi tena kitu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wiki ya pili alikuja mkaguzi wa magari wa polisi, mtu mpole mwenye miwani, na ringi iliyotolewa kwenye difu ndani ya kimfuko cha plastiki. Aliiweka mezani. Ilikuwa imesinyaa, imelala upande mmoja, ina nyufa kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta.

"Hii ni kuukuu," alisema mkaguzi. "Na skrubu ya kompresa imeregezwa kwa makusudi. Nani alilifanyia kazi gari hili?"

Profesa hakusita hata kidogo. Alinyoosha kidole. "Huyu. Mke wangu. Mimi nilikuwa nimetoka, yeye akajitia ufundi. Nimemkataza mara ngapi! Muulizeni, dereva si ndugu yake? Alitaka kumtengenezea mwenyewe."

Kumbe mtu unaweza kulala naye kitanda kimoja miaka kumi na moja, na bado akabakiwa na kitu cha kukushangaza nacho.

Wa kwanza kusema alikuwa mchomeleaji, amesimama mlangoni na miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. Hakuwa mtu jasiri. "Profesa, kama ni yeye aliyeifunga hiyo ringi, basi umetudanganya miaka kumi na moja. Umetuambia mwanamke akishika spana nati inalia. Umetuambia huyu anajua povu tu. Na hiyo ringi iliyolowekwa, ni ya nani mtaa huu kama si yako? 'Ringi kwangu haifi.' Nani hajaisikia? Alikuja kukuambia inavuja. Nilikuwepo. Ukammwagia ndoo. Nilicheka."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia hapo. Mkaguzi aliliona kopo la petroli kwenye rafu, na ndani yake ringi nyingine nne zikisubiri kufufuka. Profesa akachukuliwa. Alipokuwa akiingizwa garini alimwita mkewe kwa jina lake halisi, kwa mara ya kwanza tangu harusi, akimwomba amtetee. Mama Povu alifunga mlango wa gereji.

Mngependa niishie hapo, nawajua. Mwovu amenaswa, mwanamke amekirudia kiti cha baba yake, tuitikie amina twende zetu. Lakini ndani ya nyumba ile, chumba cha mbele, kuna kitanda, na kitandani kuna kijana wa miaka ishirini na sita ambaye hageuki mpaka ashikwe. Kila gereji inapowasha kompresa, yeye hugeuza uso ukutani.

Siku moja, dada yake akiwa anamgeuza ili vidonda visimwote, akamuuliza.

"Dada. Siku ile, ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Ni nani angembisha? Ringi ilikuwa kwa mkaguzi, mume alikuwa ndani, na mchomeleaji asingekuja hadi kitandani kusimulia.

"Nilijua," alisema. "Nilipima. Niliona skrubu inaregezwa."

"Na ukaniambia niende polepole."

"Ndiyo."

"Nilikwenda polepole, dada. Nilikusikiliza. Pale kwenye mtaro nilitaka kuchukua kasi nivuke, kama tulivyozoea loki ilipokuwa mbovu. Nikakumbuka ulivyoniambia, nikapunguza mwendo." Akafumba macho. "Ningekwenda kasi ningepita."

Mama Povu alimaliza kumgeuza. Akamnyooshea shuka vizuri, akazipanga zile nyayo mbili zisizohisi kitu, na akatoka nje kwenda kumjibu mteja aliyekuwa akibisha hodi. Tangu siku hiyo kijana hajamwita dada tena. Akitaka maji, hugonga kikombe.

FUNZO

Enyi mlio na waume, wake, ndugu na majirani, sikieni. Kiburi ni ugonjwa wa nyumba nzima. Anayemdharau mwenziwe anayemwambia kweli huwa anajiziba masikio mwenyewe, na kuizima kengele hakuuzimi moto. Ewe mwanamume, heshima yako haipungui kwa kusema, "Umeona vizuri, ngoja nifungue tena." Ilipungua pale uliponyanyua ndoo.

Nanyi mliosimama pembeni mkacheka, msijitoe. Kicheko chenu ndicho kilichomnyamazisha.

Na wewe unayejua hatari halafu ukaona haya, au ukaogopa, ukatoa nusu ya neno: nusu ya kweli si kweli. Ukiona ndugu yako anapanda gari lenye kasoro, usimwambie aende polepole. Mwambie ashuke. Umwagiwe maji, upigwe, uchekwe na mtaa mzima, lakini mwambie ashuke. Maji ya ndoo hukauka. Kijana yule bado amelala.