Kofia Saba za Mzee Benedikto

Kila asubuhi ya likizo nilifagia uwanja, nikachota maji, kisha nikakaa barazani kukosoa kazi za wengine. Kazi hiyo ya tatu sikutumwa na mtu. Niliifanya kwa kujitolea.

Likizo ile niliyemkosoa zaidi alikuwa mama mdogo Lusia. Benki moja ya simu kutoka ng'ambo, isiyo na jengo wala kaunta, ilikuwa ikiajiri watu wa kuandikisha wateja Kilwa na Lindi. Mama mdogo alipewa simu ya kazi na majaribio ya siku tatu hapa kwetu Kiranjeranje. Akipata wateja kumi na watano, ameajiriwa. Wakipungua hata mmoja, anarudi kubangua korosho za watu, kazi iliyokuwa imemuunguza vidole kwa miaka mitatu.

Siku ya kwanza nilimsindikiza, nikakaribia kulia.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hawajambo nyumbani?"

Basi hapo ndipo safari ilipoanza. Waliulizana habari za watoto, za ufuta, za mguu wa bibi, na za mbuzi aliyepotea tangu Ramadhani. Tulikunywa uji. Saa nzima ilipopita, ndipo mama mdogo alipotoa simu, akaeleza pole pole, akarudia, akampiga picha mwenye nyumba, kisha akatazama pembeni ili mwenyewe aweke namba yake ya siri.

"Mama mdogo, hii ni benki, siyo msiba!" nililalamika njiani.

"Dativa, mtu asiyeniamini kwa salamu ataniamini kwa fedha?"

Siku ya pili ikaisha akiwa na wateja wanane. Wanane! Mimi, msomi wa kidato cha pili, niliona nina wajibu wa kuiokoa familia.

Siku ya tatu asubuhi mama mdogo alipokwenda gulioni, aliacha simu ikichaji. Niliichukua hadi kwa Mzee Benedikto, fundi viatu, mtu asiyekataa soda.

"Babu, nikupige picha saba."

"Saba? Za nini?"

"Za maendeleo."

Akapigwa picha na kofia ya kiua, na kilemba, na miwani ya jua, na pama, na taulo, na kofia ya baiskeli. Ya saba alijifunika kikapu, akatabasamu kama bwana harusi. Nikaandika majina saba ya kubuni. Namba za simu nilizitoa kwenye daftari langu la shule.

Mchana pikipiki ilisimama mlangoni. Akashuka Bi Saida, msimamizi kutoka Lindi mjini.

"Lusia, mashine inasema una wateja saba wenye pua moja," alisema. "Tena huyu Tawakali, mvuvi, nimempigia. Amejibu kwamba yeye ni mwalimu wa nidhamu."

Mama mdogo alinitazama, akaitazama simu. Alielewa yote. "Simu ilikuwa mikononi mwangu," akasema taratibu. "Kosa ni langu."

Bi Saida akaanza kuitia simu mkobani. Niliona vidole vya mama mdogo vikijificha ndani ya khanga.

"Ni mimi," nikasema. Nilikuwa na utetezi mrefu, lakini wote uliishia katika maneno hayo mawili.

Bi Saida akaacha mkoba, akawapigia wateja wale wanane. Hakuna aliyekubali kuulizwa lolote kabla ya salamu. "Lusia hajambo? Mwambie mbuzi wangu amepatikana!" Ilichukua karibu saa nzima.

"Wengine huniletea majina arobaini kwa siku," alisema mwishowe, "na nusu yao hawajui kama wameandikishwa. Hawa wanane wanakujua, Lusia. Ninafuta wale saba wa uongo. Una hadi kesho magharibi."

Kesho yake nilitembea nyuma ya mama mdogo kimya, nikakaa mkekani na kuuliza habari za kila mguu. Jua lilipokuwa linazama tulikuwa na kumi na wanne. Mzee Benedikto akatuita, simu yake ndogo ya kitochi mkononi.

"Na mimi je? Mnanipiga picha tu, akaunti hamnipi!"

Safari hii alivua kofia. Mama mdogo akamsalimu kikamilifu, mimi nikiuma meno na kulichungulia jua. Kipara kikang'aa, mashine ikafikiri, ikakubali. Kumi na watano!

Njiani mama mdogo alinishika bega. "Ulitaka kunisaidia, najua. Lakini uongo wa nusu saa ulikaribia kunipotezea kazi ya siku mbili. Ukweli unakwenda polepole, mwanangu, lakini haurudi nyuma."

Nilikubali kwa unyenyekevu mkubwa. Shule inafunguliwa Jumatatu, na mwalimu wa nidhamu, ambaye Bi Saida alimpigia tena kumwomba radhi, ametuma ujumbe kwamba ana salamu zangu, tena ndefu.